Samaki wa Memsahib na Mbuzi wa Guka Gathogo

Tulimzika Wafula Jumamosi, kule kwake Murera, na katekista aliyesimama kusoma maisha ya marehemu akatuambia kwamba mzee huyu, katika miaka yake yote kanisani, hakuwahi kusema uongo. Mimi nikakohoa. Sikukusudia. Kikohozi kilinitoka chenyewe, tena kikawa kirefu, mpaka msichana mmoja akaniletea maji kwa kikombe cha plastiki, na watu wa viti vya mbele wakageuka kuona ni nyanya gani huyu anataka kumfuata marehemu hata kabla hajafukiwa. Nikanywa maji, nikainamisha kichwa nionekane ninaomba. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninajua uongo mmoja wa Wafula, mkubwa, alioutoa mchana kweupe jikoni kule Ruiru, na kama hangeusema mimi singekuwa mkunga, na wengi wa watu wazima waliojaa katika hema la mazishi wangepokewa duniani na mikono ya mtu mwingine. Katekista mwenyewe nilimpokea mimi. Alitoka miguu kwanza, na amekuwa mbishi tangu siku hiyo.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na nane. Habari za kwetu na nani alimzaa nani nitaziacha, maana hazina samaki ndani yake. Nilikuwa msichana niliyetoka shule ya misheni juzi tu, nimepata kazi ya nyumba kwa Memsahib mmoja mjane aliyekuwa na shamba la kahawa kati ya Ruiru na Mugutha. Nyumba ilikuwa ya mawe, na sebule yake ilikuwa na sakafu ya mbao ambayo niliipaka nta nikiwa nimepiga magoti kila Jumatatu na kila Alhamisi, mpaka leo magoti yangu yakiuma mimi huitukana ile sakafu, siutukani uzee. Sebule ilinuka nta na mbwa. Na kwenye ukuta unaotazama dirisha, mahali ambapo wazungu wengine waliweka redio, Memsahib aliweka sanduku la kioo refu kama meza, limejaa maji ya chumvi, na ndani kuna matumbawe meupe yenye matawi, kijimashine cha kupuliza hewa kinachokoroma mchana na usiku, na samaki. Walikuwa samaki kumi na wanane, kila mmoja urefu wa kidole gumba changu. Asubuhi walikuwa kijani, alasiri jua likipita dirishani wakawa bluu. Baada ya bwana yake kufa watu walisema Memsahib atarudi Uingereza. Yeye akaenda Mombasa mwezi mzima na akarudi kwa treni na wale samaki ndani ya debe lililofunikwa shali yake mwenyewe. Karani wa stesheni ya Ruiru, mtu wa Pwani, alichungulia lile debe akasikitika kabisa. Alituambia, "Hivi? Hivi kwetu vimejaa mwambani, hakuna hata anayejisumbua kuvivua. Mpaka uvile ishirini ndipo ujue umetia kitu mdomoni."

Jambo la ajabu kwa wale samaki ni kwamba hawakujua kutembea mmoja mmoja. Wakigeuka kushoto wamegeuka wote. Mlango ukigongwa, wote wanaingia katikati ya matawi ya matumbawe kwa mara moja, huoni hata mkia, halafu baada ya muda wote wanatoka pamoja na nyuso za watu ambao hawajafanya neno. Guka Gathogo, yaani Babu Gathogo, mzee wa bustani, ambaye aliruhusiwa kuingia sebuleni wakati wa kuleta maua tu, alikuwa anasimama mbali na sanduku na kofia yake kifuani. "Hawa wanafanya mkutano bila kibali," aliniambia siku moja kwa sauti ya chini, akitazama dirishani kama kuna mtu. Enzi hizo za hali ya hatari, Wakikuyu watano wakisimama pamoja barabarani askari alikuwa anataka kujua wanaongea nini. "Siku moja hawa watapakiwa kwa lori. Wewe ngoja." Halafu akaweka maua na kuondoka haraka asije akahesabiwa pamoja nao.

Mtu wa tatu katika ile nyumba alikuwa Wafula, mpishi. Alikuwa Msamia kutoka Sio, kando ya ziwa, mrefu, mwenye aproni nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe kwa sababu alisema mimi ninaichoma roho. Na sasa ni lazima nieleze kitu ambacho wajukuu wangu hawaamini: sisi Wakikuyu wa wakati huo hatukula samaki. Samaki na nyoka kwetu walikuwa wa ukoo mmoja. Wafula, kwa upande wake, alikuwa mtu wa ziwa, na kila mmoja wetu alijua kwamba mtu wa ziwa hawezi kuona samaki akakaa salama. Kwa hiyo tulipomkuta amesimama mbele ya kioo na trei ya chai mkononi, macho yamezama humo ndani mpaka chai inapoa, tulimcheka bila huruma. "Wafula, funga mdomo, mate yanaangukia kapeti," nilimwambia. Naye alijigonga tumbo mara mbili kwa kiganja. "Ngojeni tu. Nyanya mbili, kitunguu, hawa wanaisha." Alisema hivyo mara nyingi mpaka Memsahib akasikia. Alicheka, lakini wiki hiyo kifuniko cha lile sanduku kilitiwa kufuli. Wakati wa Pasaka Memsahib, kwa kutaka kumliwaza, alimpa mkebe wa sadini. Wafula akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaja moja kwa moja jikoni akaubadilisha na mimi kwa kipande cha sabuni. Nilidhani anaringa, kwamba mtu aliyezoea samaki wa ziwa hawezi kushuka mpaka kwa samaki wa mkebe. Ule mkebe nilimpa paka.

Mwezi wa sita Memsahib alipata habari kwamba dada yake ni mgonjwa Uingereza. Aliniita sebuleni, akaniwekea ufunguo wa lile kufuli mkononi, na kuniambia kwa Kiswahili chake, "Njoki, wewe angalia samaki. Mimi kwisha rudi, samaki iko, mimi peleka wewe kwa metroni. Samaki hapana iko, hapana metroni." Nilielewa vizuri sana. Metroni wa hospitali iliyofundisha wakunga alikuwa rafiki yake, walicheza karata pamoja, na mimi nilikuwa nimemwambia Memsahib, siku moja nikipaka nta, kwamba kitu ninachotaka kuliko vyote duniani ni ukunga. Wakati huo msichana wa Kikuyu asingeweza kuamka tu akaenda mahali kuomba nafasi. Pasi ya kutoka shambani ungepewa na nani, na ya kwenda wapi? Bila gari la Memsahib na mdomo wa Memsahib, ningekuwa napaka nta mpaka leo. Kwa hiyo nilishika ule ufunguo nikaufunga shingoni kwa uzi, na kuanzia hapo vile vijisamaki vilikuwa shule yangu na maisha yangu.

Niliagizwa kuwahesabu kila asubuhi. Hilo lilileta vita na Guka. Kwake yeye kitu chenye uhai cha nyumbani hakihesabiwi, si watoto, si mbuzi, na kunyooshea kidole ndiyo mbaya zaidi. Akinikuta nimeinama, kidole hewani, namba mdomoni, alikuwa anasimama mlangoni na kukohoa mpaka nipoteze hesabu. "Kairitu, msichana wewe, unawaitia kifo," alisema. "Guka, nimeagizwa." "Aliyekuagiza ni mzungu. Wao wanahesabu kila kitu, hata sisi." Nikaanza kuwahesabu kwa kukonyeza jicho, nikitumaini hiyo haina laana. Chakula chao kilikuwa kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa. Sisi jikoni tulikula ugali na kabichi, tukimtazama Wafula akiponda yai la samaki kwa uma, taratibu, kama la mgonjwa. Alikuwa na namna yake ya kuwalisha: alinyunyiza kidogo kona moja, wanakimbilia wote, halafu kona nyingine, wanageuka wote, naye anacheka peke yake. Nilimwambia anawanonesha tu. Akajigonga tumbo.

Julai ya Ruiru mnaijua, baridi tupu. Siku moja umeme ukakatika tangu asubuhi, kijimashine kikanyamaza, na ile taa ya kupasha maji joto ikazima. Samaki wakashuka chini wakajikunyata kati ya matawi. Niliwasha moto mkubwa sebuleni, Wafula akawa anapuliza hewa ndani ya maji kwa mpira wa bomba la bustani, mashavu yamemtoka, na Guka, ambaye alikuwa ameapa hatagusa kile kitu, akaenda chumbani kwake akaleta blanketi lake la jeshi, la pekee alilokuwa nalo, akalizungushia kioo pande zote. Meneja wa shamba jirani, mzungu aliyetumwa kutukagua, aliingia wakati huo. Akakuta msichana anapepea moto, mpishi ana bomba mdomoni, na mzee anawafunika samaki. Alitoka bila kuuliza swali. Jioni umeme ukarudi, nikakonyeza: kumi na wanane. Guka alilala na makoti mawili mpaka blanketi lake likakauka, na lilinuka bahari kwa wiki nzima. Alisema mbuzi wake wawili, ambao Memsahib alimruhusu kufuga karibu na ua, walikuwa wanalilamba.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia, ingawa sikujua. Maji ya lile sanduku hayakuwa ya bomba. Kila mwezi treni ilileta pipa la maji ya bahari kutoka Mombasa, likakaa kivulini nyuma ya jikoni, nami nikabadilisha maji kidogokidogo. Mwezi wa tisa pipa lilifika linavuja. Mbuzi wa Guka wakaliona kabla yetu, wakapiga magoti kulamba ardhi. Guka akaweka kidole, akaonja, na uso wake ukang'aa. Ilikuwa munyu. Kwa Mkikuyu mwenye mbuzi, munyu ni mali: watu walitembea mwendo wa nusu siku na mifugo yao kufuata ardhi ya chumvi, na sasa, kwa wema wa reli, chumvi imekuja yenyewe mpaka mlangoni. Akachota kibuyu kimoja. Mbuzi wakapendeza, manyoya yakalala. Rafiki yake wa kambi ya wafanyakazi akaona, akachota cha mbuzi wake. Mwanamke mmoja akachota cha mbuzi wa mama mkwe. Na Guka, mtu mwenye adabu, hakutaka pipa la mwajiri wake lionekane limepungua. Kwa kila kibuyu cha munyu kilichotoka, alirudisha kibuyu cha maji ya mto.

Nilibadilisha maji asubuhi moja, mengi kuliko kawaida, kwa sababu kioo kilikuwa kimeota ukungu wa kijani na Memsahib alikuwa karibu kurudi. Kufika saa ya chakula samaki walikuwa wanaelea ubavu. Walikufa hivyohivyo walivyoishi, kwa pamoja. Nilikimbia kwenye pipa nikaonja: tamu, maji ya mto matupu. Na pale pale mbuzi mmoja akaja akaniingizia kichwa chini ya mkono kutafuta zamu yake. Nilimwita Guka kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena kwa mtu mzima. Alikuja, akamwona mbuzi, akaniona mimi, akakaa chini kwenye ngazi. Wafula alikuja mbio. Alimwaga chumvi yote ya stoo ndani ya lile sanduku, anakoroga kwa mwiko wa ugali, anaonja, anaongeza, machozi yanamtiririka, na mimi nilimfokea aache kulilia kitoweo. Mungu anisamehe. Alipomaliza, alibaki samaki mmoja. Alikuwa ndani kabisa ya matumbawe, na hata maji yalipotulia hakutoka, maana hakuwa na wa kutoka naye.

Tulikaa jikoni watatu, sufuria ya ugali katikati, hakuna anayekata. Nilikuwa ninalia waziwazi, kwa hasira na kwa kujihurumia. Nilimwambia Guka kwamba amelisha mbuzi ukunga wangu. "Mimi nitasema ni mimi," alisema. Lakini tulijua maana yake. Mkikuyu mzee akifukuzwa shambani mwaka ule, pasi inachukuliwa na yeye anapandishwa lori kwenda rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo hakuwa na kipande cha kulima wala mtu. Na hata akisema, ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Memsahib angesema nililala kazini, na asingekuwa amekosea sana. "Kuleni," alisema Wafula. "Hakuna mtu amefikiria vizuri na njaa." Yeye akala. Nilimchukia kwa kula.

Memsahib alirudi na koti jeusi, maana dada yake alikuwa amefariki. Alienda kwenye kioo hata kabla ya kuvua kofia. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye stoo, mlango wazi upana wa kidole, na nikasikia viatu vyake vikirudi jikoni taratibu. "Samaki yangu iko wapi?" Guka alivuta pumzi kuanza. Wafula akamwahi.

"Mimi kula, Memsahib."

"Wewe nini?"

"Mimi nakula. Na nyanya. Kufuli nafungua na msumari. Njoki hapana jua, mzee hapana jua."

Halafu Memsahib akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kujua, "Moja bakisha. Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeshiba, Memsahib."

Alifukuzwa palepale. Jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote ndani ya ile nyumba ni kwamba aliaminika. Mtu wa ziwa, na samaki, na kufuli. Memsahib alikuwa ameungoja ule uongo tangu Pasaka. Nilimkimbilia Wafula mpaka kwenye barabara ya Thika, amebeba sanduku lake la bati begani na aproni imekunjwa juu yake. Nikamwambia amefanya wazimu. "Mimi si Mkikuyu," alisema. "Hakuna anayeniuliza pasi nikienda Thika. Huko kuna kiwanda cha mananasi, kinatafuta watu. Wewe ukifukuzwa unaenda wapi?" Nikamwambia nitamrudishia Memsahib ukweli. Alisimama, akaweka sanduku chini, akanitazama kwa ukali. "Ukweli gani? Wewe ulikuwepo nikila?" Akajigonga tumbo mara mbili, akabeba sanduku, akaenda.

Wiki iliyofuata Memsahib alinipeleka kwa metroni kwa gari lake. Alimwambia, na nilisikia kwa masikio yangu, kwamba huyu ndiye msichana aliyemwokoa samaki wa mwisho kutoka mdomoni mwa mpishi. Metroni akasema msichana wa namna hiyo anaweza kuaminiwa na watoto. Guka alibaki shambani na mbuzi wake mpaka akafa kwa uzee. Yule samaki mmoja Memsahib alimrudisha Mombasa yeye mwenyewe, kwa treni, ndani ya lile debe, na akamwachilia mwambani. Hakuleta wengine.

Na mimi na Wafula tulizeeka karibu karibu, mimi Thika mjini, yeye kiwandani, halafu kwenye ploti yake ya Murera. Watoto wake wote nilimzalisha mkewe mimi. Kila Krismasi walinialika, na kila Krismasi waliniwekea kuku, nikajua wananihurumia mimi Mkikuyu wa zamani nisiyeweza samaki. Kila mara nilimuuliza, "Wafula, samaki wangu wako wapi?" naye akajigonga lile tumbo. Nilijaribu mara moja kumshukuru sawasawa, tukiwa tumeshaota mvi. Akaniuliza ninamshukuru kwa wizi?

Basi Jumamosi, baada ya mazishi, nilikaa na mjane wake, Mama Nekesa, ndani ya hema la wanawake, na kwa vile mzee hayupo tena wa kunizuia nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu pipa, na mbuzi, na jinsi mumewe alivyojisingizia kula samaki kwa ajili yangu. Nikasema najua ilikuwa rahisi kuaminika, mtu wa Sio, anayependa samaki vile. Mama Nekesa aliweka sahani chini.

"Nani anapenda samaki?"

"Wafula."

"Njoki, huyo mzee akinusa samaki akipikwa tu midomo inavimba. Tangu mtoto. Huko Sio walimcheka mpaka akakimbia. Aliniambia alitembea akitafuta nchi ambayo watu hawali samaki, na akafika kwenu, akaona amefika mbinguni." Alijipangusa macho na kanga, sikujua kama ni kulia au ni kucheka. "Mimi sijawahi kupika samaki kwa nyumba hii. Hata siku moja."

Nikakumbuka mkebe wa sadini. Nikakumbuka chai inapoa kwenye trei. "Sasa pale kwa kioo alikuwa anatazama nini?"

"Alikuwa anawapenda," alisema. "Alinihadithia mpaka nikachoka. Vile wanageuka wote."

Hapo nikaanza kucheka, na kucheka kukageuka nikalia, na Mama Nekesa pia, tumeshikana mikono katikati ya sahani za kuku, vikongwe wawili, watu wanatutazama. Nilimlilia Wafula pale kuliko nilivyomlilia kaburini. Nilikuwa nimemfokea asililie kitoweo. Katekista akaja mbio na uso wa kazi, akainama, akauliza ni nini, mama zangu, au mmekumbuka kitu cha marehemu.

Nikamtazama yule mtoto niliyempokea miguu kwanza. "Ni vile marehemu alikuwa anapenda kula samaki," nikamwambia.

"Sana," alisema Mama Nekesa. "Na nyanya."